Mwanamume Hakatwi Mara Mbili

Alhamisi, 18 Aprili 2024

Siku ilianza vizuri. Ningejua!

Mgonjwa wa kwanza alikuwa karani wa kaunti, mkewe ameketi kando yake kama askari jela. Doa jeusi kwenye kichwa cha uume. Linakuja, linapona, linarudi palepale. Mke alikuwa ameshafunga mizigo. Nikamuuliza jamaa, kichwa cha huku juu kikikuuma unameza nini? Akataja. Na doa hurudi lini? Akafikiri, akasema huwa ni baada ya kichwa kupona. Basi ndiyo hiyo! Mwili unaikataa dawa, na hasira zake unazimalizia mahali pamoja kila mara. Si kaswende, si mwanamke wa Mumias. Mke akalia, mume akalia, nami nikajiona nina akili.

Nikafungua mlango kuita faili la pili. Masinde. Akina Masinde wamejaa huku kama mahindi, sikufikiri lolote. Nikaita. Kwenye benchi akainuka Oliver, mume wa Namalwa wangu.

Mkwe! Mtu ambaye tangu amwoe binti yangu sijamshika mkono hata siku moja. Akija kwangu Amalemba huketi kiti cha karibu na mlango, mimi nakaa jikoni, na maneno yetu yanapitia kwa Namalwa kama maji kwenye mfereji. Tukikutana njiani mmoja hupisha. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo nilivyolelewa, na heshima hiyo haijatukosesha kitu.

Alijua nafanya kazi hospitali hii ya misheni. Ila alidhani tabibu wa ngozi ni wa upele wa watoto na wazee wa ukoma. Hakujua kwamba mwanamume mwenye kidonda huko chini, kikishawashinda wengine, huletwa kwangu. Nani angemwambia?

Alishusha kofia usoni. Mimi nikarudi ndani nikafunga mlango, mwanamke mzima na stethoskopu shingoni.

Nikamtuma Mitchel, tabibu kijana wa kiume aliye kwangu kwa mafunzo. Wakaingia chumba cha kufungia vidonda, mimi nikabaki huku, pazia katikati. Mitchel anaangalia, anakuja kunieleza, namrudisha aangalie tena. Hivyo ndivyo nilivyompima mkwe wangu — kwa macho ya mtu mwingine.

Doa jekundu, anasema. Linang'aa kama limelowa. Mpaka wake uko wazi. Limekaa juu ya kovu la tohara na limepanda kichwani. Limekaa zaidi ya mwaka! Duka la dawa la kwao Matete walimdunga sindano za kaswende, wakampa mafuta ya kuvu, kisha tyubu ile ya kujichubua ambayo inauzwa kama peremende. Mitchel akauliza kama apige picha kwa simu nione mwenyewe. Nikasema hapana. Nilisema haraka mno.

Nikamuuliza, umeshika kinena? Kuna mtoki? Akarudi akashika. Akasema hakuna uvimbe.

Nikamwagiza adunge ganzi, achukue kipande kama punje ya mtama, kiende maabara. Masinde hakutoa sauti. Mwenzake Hezekiah, fundi wa mabati aliyekuja naye, ndiye aliyekuwa akiguna kule kwenye benchi. Hao ni bakoki — walitahiriwa asubuhi moja, mto mmoja, ngariba mmoja. Hawafichani kitu.

Ijumaa, 19 Aprili 2024

Si kuvu. Si kaswende. Naujua huu.

Chuoni ulikuwa ukurasa mmoja na picha ya mzungu. Ngozi ya uume inaanza kugeuka, seli zinaasi, lakini bado ziko juu juu. Ukiwahi unaondoa doa na mtu anaendelea na maisha yake. Ukichelewa ni kansa, inateremka ndani, inashika mtoki, basi.

Na kitabu kilisema waliotahiriwa hawaupati. Karibu hawaupati. Hilo "karibu" limenikaa kooni tangu jana. Ndilo lililowapoteza wote wa Matete. Mtu wetu amepita kisuni, nani atafikiria kansa ya huko? Hata mimi, kama si kovu lile, ningefikiri mambo mengine kwanza.

Namalwa amepiga simu kunisalimu. Ameuliza mbona sauti yangu iko chini. Nikasema mafua.

Jumatano, 8 Mei 2024

Majibu yamekuja. Ni hiyo.

Lakini iko juu ya ngozi! Kwenye kipande walichokiona haijavuka kwenda ndani. Nilikaa kwenye choo cha wafanyakazi nikashukuru Mungu kwa sauti hadi mtu akagonga.

Daktari Kipchirchir, mpasuaji anayetujia kutoka Eldoret, amesema lete huyo mtu. Atatoa doa lote, atatia ngozi kidogo ya paja, na uume utabaki wake na kazi zake zote. Si upasuaji wa kuogofya. Ameniuliza mbona namwulizia mgonjwa huyu mara nyingi hivi. Nikasema ni ugonjwa wa nadra.

Hajui ni mkwe wangu. Kwenye faili hakuna mahali pa kuandika hivyo.

Alhamisi, 16 Mei 2024

Maji yamezidi unga.

Masinde alikuja leo, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Nilikaa nyuma ya pazia langu. Nilikuwa nimempanga Mitchel vizuri: mwambie si zinaa, mwambie hakuleta ugonjwa kutoka nje, mwambie unatibika. Yote akayasema, na akayasema kwa upole. Nilimsikia Masinde akivuta pumzi kama mtu aliyeshushiwa gunia. Nikajua tumemaliza.

Kisha Mitchel akasema, "Tutakukata tena kidogo tu, hapo kwa kovu."

Benchi likalia. Masinde akasema, bila hasira, kama anayemfundisha mtoto, "Mwanamume hakatwi mara mbili." Akashukuru, akatoka.

Mitchel alikuja kwangu ametoa macho. Nimekosea wapi, Madam? Ningemwambia nini? Ni mtoto mzuri wa Siaya. Kwao siku hizi tohara ni ya kliniki. Unalala, unadungwa ganzi, unapewa soda na cheti. Yeye kukata ni kukata. Hajui kwamba huku anayesimama mbele ya ngariba bila kutikisika amemaliza, amelipa, hadaiwi tena na kisu. Anayerudiwa ni yule ambaye kazi yake haikukamilika, au aliyelia, na huyo huimbiwa nyimbo mpaka wajukuu wake wazijue. Na umwambie hivyo wewe, Mjaluo wa watu, kijana wa juzi!

Nilimwambia Mitchel kwamba kosa ni langu. Alidhani namfariji tu. Lakini mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale. Mimi ningejua neno la kusema. Ningenyanyua pazia.

Sikunyanyua.

Jumapili, 19 Mei 2024

Kanisani leo kwetu Friends, wakati wa kukaa kimya, watu wanamtafuta Mungu, mimi natafuta neno.

Kukata — hapana. Kupasua — hupasuliwa kuni. Kutoa — nini, kitolewe wapi? Kumenya. Kukwangua. Kubandua. Kusafisha? Kusafisha ni uongo, ataamka aone amekatwa, na atakuwa amekatwa kwa hila, mbaya zaidi. Nimejaribu kwa Kiswahili, nimejaribu kwa Kibukusu. Kila neno lina kisu ndani yake.

Kila siku nawaambia wagonjwa mficha uchi hazai. Huyu amezaa watatu na bado anaficha, na mimi ndiye namshikia pazia.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Namalwa amekuja kutoka Matete bila kupiga simu. Nilikuwa nachinja ingokho. Nikajua kabla hajakaa.

Amesema Oliver amemletea ugonjwa. Halalangi kitandani. Analalanga kwa kochi na taulo, anafua nguo zake mwenyewe, mwanaume ambaye hajawahi kushika sabuni! Amekuta tyubu za dawa zimefichwa kwenye gumboot. Yule wa duka la dawa alimwambia, kwa kumhurumia eti, naye adungwe. Akadungwa! Mwanangu ameshikishwa ukuta Matete akadungwa sindano za kaswende ambayo hana.

Nilikuwa na kisu na kuku mkononi. Nikaendelea kunyonyoa.

Akasema, "Mama, wewe ni wa ngozi. Niambie huyu mtu ako na nini."

Nikamwambia amhimize aende hospitali.

"Akija kwako utaniambia?"

Nikasema hapana, Namalwa. Mgonjwa ni mgonjwa. Hata ningekuwa namtibu baba yako, siri yake ningezikwa nayo.

Si mjinga, nilimzaa mwenyewe. Akauliza polepole kama nimeshamwona. Nikamwambia maji ya kunyonyolea yamepoa, aniongezee.

Hakuongeza. Hakula. Obusuma, ugali wangu, umebaki kwenye sinia, na kuku mzima, na mimi. Amesema kabla ya kutoka kwamba akijua kuna mwanamke atarudi Amalemba na watoto wote, nitafute pa kuwalaza. Naye hana mwanamke! Hilo tu ningemwambia. Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni kama mfupa wa samaki.

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimemdanganya. Nimempigia nikamwambia kuna wiki ya kupima mlango wa uzazi, bure, aje kwa sababu mimi ni mamake na nimeota ndoto mbaya. Virusi vinavyomwanzishia mume kitu kama hiki huweza kumfika mke. Amekuja amenuna. Sista aliyempima ni rafiki yangu, hakuuliza kitu.

Yuko sawa. Safi kabisa.

Nimerudi chooni, leo nimelia. Nitajulikana kwa hicho choo.

Jumanne, 2 Julai 2024

Hezekiah amekuja Amalemba. Hakuingia uani. Bakoki wa mkwe ni mkwe, kwa hiyo alisimama nje ya ua amegeukia barabara, mimi nikasimama kwenye sukuma wiki zangu nimeutazama ukuta wa jirani, na tukaongea hivyo. Aliyetupita angedhani kila mmoja ana wazimu wake.

Amesema Masinde ametumwa na mtu kwa mganga wa Malava, akapewa majani ya kusaga. Kimechimbika. Hapo kwanza kilikuwa doa, sasa ni kidonda, kina ukingo, kinatoa maji, na kuna harufu. Hezekiah amekiona mwenyewe. Waliangalia pamoja nyuma ya ghala la mahindi, wazee wazima, kama wavulana.

Akasema, "Mama, huyu mutu ataoza na sisi tunaangaria."

Nilimwuliza kama anajua ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia siku ile ya majibu. Akasema wote wawili walijua. Masinde aliona viatu vyangu. Viatu! Ndiyo maana hakupiga kelele kwa Mitchel. Alikuwa ananiheshimu mimi.

Nikamwambia Hezekiah kuna njia nyingine ya kuanzia. Dawa ya kupaka. Inachoma sana, ngozi inababuka, lakini haina kisu. Kama ugonjwa bado uko juu inaweza kufaa, na kama haitoshi tutajua mapema. Sikujua kama bado inafaa, baada ya majani yale. Nilisema kwa sababu ni dawa isiyo na neno lile ndani yake. Hezekiah akaruka kwa furaha, nikaona kivuli chake tu.

Atamleta wiki ijayo, akaapa.

Ijumaa, 19 Julai 2024

Hawajaja.

Hezekiah amepiga simu. Masinde amesema baada ya Agosti. Kifunguamimba wake, mjukuu wangu, ameomba kisu mwaka huu, ameshaanza kuzunguka na njuga akialika jamaa. Baba hawezi kuonekana hospitali sasa. Kama ni kupaka, watu watauliza anapaka nini. Kama ni kulazwa, ndiyo mwisho — baba na mtoto wakatwe msimu mmoja? Watu wataimba nini?

Nimemwambia Hezekiah kidonda hakijui msimu. Akasema anajua, amemwambia, amemtukana hata. Bakoki anaruhusiwa kutukana. Mimi siruhusiwi hata kumwambia pole.

Nilitaka kuandika mengi leo. Sina.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Mtoto amesimama! Namalwa amepiga simu asubuhi, nyuma yake filimbi na vigelegele, husikii kitu. Hakutikisika hata kope. Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni, jirani akachungulia.

Kisha akatuma picha. Mjukuu amepakwa matope ya mtoni, macho juu, mikono imeshika fimbo mabegani. Nimeitazama nikajisikia mtu. Baba yake amesimama nyuma yake, kama inavyotakiwa.

Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kazi yangu. Nikaivuta picha kwa vidole viwili.

Amekonda. Koti lile nililiona kwenye harusi, lilikuwa limembana, sasa linaning'inia. Uzito wote ameuweka mguu wa kulia. Wa kushoto ameupinda kidogo goti, ameutoa kando, hivi, kama mtu anayekanyaga msumari. Namalwa ameandika chini ya picha: Babake amesimama saa hizo zote hajaketi, watu wamemsifu.

Hajaketi kwa sababu hawezi kuketi.

Mwanamume anayepinda mguu hivyo ana kitu kinenani. Nimewaona wengi. Mpaka leo nilikuwa sijawahi kumtazama mkwe wangu kwa makini, na mara ya kwanza nimemtazama, nimeona hiyo.

Na Mitchel alisema hakuna uvimbe. Alishika vizuri? Alishika mahali penyewe? Mikono yake ilikuwa na miezi kazini. Yangu ina miaka, na niliificha nyuma ya kitambaa cha maua.

Jumapili, 25 Agosti 2024

Mvua kila mchana. Sikwenda kanisani.

Nimempigia Masinde simu. Mwenyewe. Moja kwa moja. Ikaita, akapokea, akasikia sauti yangu. Nilisikia anapumua. Nikasema, "Baba Kevin." Akakata.

Kwa nini nimemwita hivyo, kwa jina la mtoto? Kwa sababu jina lake kinywani mwangu halikai.

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mitchel amemaliza mafunzo, anaenda Homa Bay. Tumemkatia keki. Amenivuta kando akaniuliza yule mgonjwa wa kovu alirudi? Bado anamfikiria. Atakuwa tabibu mzuri kuliko mimi. Nikasema alirudi, anaendelea vizuri. Aende na roho nyepesi, mmoja wetu awe nayo.

Jumatano, 11 Septemba 2024

Hezekiah, simu, mchana. Masinde amekubali. Kesho.

Nikamwambia kwamba Daktari Kipchirchir hayupo mpaka mwisho wa mwezi na Mitchel ameondoka, lakini nitamtafuta tabibu mwanamume kutoka wadi. Hezekiah akasema hapana. Masinde hataki mtu mwingine. Amemwuliza Hezekiah nani anaujua huu ugonjwa, kisha akajijibu mwenyewe. Anataka mimi. Ila tusionane uso.

Nikasema, Hezekiah, hilo haliwezekani. Mimi ni mama wa mkewe.

Akasema amemwambia hivyo. Na Masinde akamjibu, maiti haina mkwe.

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Naandika hapa kliniki. Sijawahi kuleta daftari hili juu ya meza ya kazi.

Waliingia asubuhi kabla ya wengine. Mimi niligeukia ukuta, kama tulivyokubaliana. Hezekiah akamsaidia kupanda kitandani, alichukua muda, kisha akamfunika kichwa na kifua na akaniita. Akatoka, akafunga mlango.

Nikageuka. Leso iliyomfunika ni ile niliyompa Namalwa siku ya harusi. Ya rangi ya zambarau, pindo limefifia kwa kufuliwa. Ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi zake.

Nikavaa glavu. Nikajiambia huyu ni mgonjwa. Nikasema kwa sauti, ili na yeye asikie, "Mgonjwa, nakugusa sasa." Akaitikia kwa kichwa chini ya leso.

Sitaandika yote. Kidonda nilichokuwa nimekipima kwa macho ya Mitchel hakipo tena. Kuna kingine. Kimekula kovu, kimekula nusu ya kichwa, kimeinuka kama koliflawa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekisoma. Dawa ya kupaka! Ni aibu hata kuikumbuka.

Nikashika kinena cha kulia. Kisha cha kushoto.

Mtoki. Mkubwa, mgumu kama kokwa ya parachichi, na nikiusukuma hausogei. Umeshika chini. Ngozi juu yake imeanza kuwa nyekundu.

Nilibaki nimeshika hapo. Sijui kwa muda gani. Vidole vilikataa kuondoka, kana kwamba nikiviondoa nitakuwa nimeshakubali.

Doa lile la Aprili lilikuwa kazi ya asubuhi moja, na angerudi kwa watoto wake na shamba lake. Sasa hata Daktari Kipchirchir akija leo kwa ndege, kisu chake hakitatosha. Ni Eldoret, ni mionzi, ni kuondoa vyote, na baada ya vyote hivyo bado ningeulizwa kama ataona embalu, tohara ya mtoto wake wa pili, na ningetazama pembeni.

Ndipo aliposema. Miaka yote hii, ndoa, watoto watatu, Krismasi zote — ni mara ya kwanza kusema nami bila Namalwa kuwa katikati. Hakuniita Mama.

"Daktari, nimefikiria. Mtoto wangu alisimama. Na mimi nitasimama." Leso ikapanda, ikashuka. "Kata. Sitatikisika."

Amenyoosha mikono kando ya mwili, kama walivyofundishwa mtoni. Magoti yamenyooka, hata lile la kushoto, na najua linamuua. Hatikisiki. Hata kidole.

Nikamwambia subiri kidogo, nataka kuandika maelezo. Nikavuta daftari lililokuwa karibu, na ni hili. Kule nje Hezekiah anaongea na mtu kwenye benchi. Sauti ya mwanamke. Naijua sauti hiyo, nimeizaa. Amemfuata. Anauliza ni mlango upi.

Masinde naye ameisikia, nimeona leso imesimama. Lakini hajageuza kichwa. Anangoja kisu. Anasikia kalamu yangu inavyokwaruza na anadhani napanga mahali pa kukata, na kalamu hii ikinyamaza itabidi nimwambie —